Utamu Uliotangulizwa Mbele ya Nikotini: Kwa Nini Vionjo Vinadhibitiwa

Mhudumu wa afya anapomwuliza kijana wa miaka 16, "Je, unavuta sigara?", na kijana akajibu, "Hapana," huenda wote wawili wamesema kweli na bado wasiwe wameelewana. Kijana huyo huenda ana mfukoni kifaa kidogo kama kalamu, chenye majimaji ya ladha ya embe, na kwake yeye kifaa hicho si sigara. Hakitoi jivu, hakinuki tumbaku, wala hakiwashwi kwa kiberiti. Wako hata wasiojua kwamba ndani yake mna nikotini. Swali limeulizwa kwa lugha ya kizazi kilichopita, na jibu limetolewa kwa lugha ya kizazi hiki.

Somo hili linahusu jambo moja tu katika bidhaa hizo, nalo ni ladha. Tutaeleza kwanza kazi ambayo ladha huifanya mwilini, kisha tutafuatilia jinsi Marekani ilivyojaribu kuidhibiti kwa sheria. Tumeichagua Marekani kwa sababu matumizi ya vijana hupimwa huko kila mwaka kwa uchunguzi wa kitaifa mashuleni, na kwa sababu mianya ya sheria zake imeonekana wazi, mmoja baada ya mwingine. Mwishoni tutarudi katika chumba cha mhudumu, kwa yule kijana aliyejibu "hapana."

Ladha si pambo

Nikotini peke yake ni kali. Huwasha koo na kuleta kikohozi, na anayeivuta kwa mara ya kwanza mara nyingi hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Ukali huo ni kinga ya asili. Watu wengi walioonja sigara utotoni na kuiacha siku ile ile hawakuokolewa na mahubiri ya wazazi wala mabango ya serikali. Waliokolewa na koo lao wenyewe. Basi yeyote anayetaka kumwuzia nikotini mtu asiyeizoea hana budi kwanza kuiondoa kinga hiyo.

Msomaji wa pwani anaufahamu mfano mmoja bila kufundishwa. Jino likiuma, watu huweka karafuu. Mafuta ya karafuu yana kemikali iitwayo yujenoli, ambayo hutia ganzi. Nchini Indonesia kuna sigara zinazochanganywa tumbaku na karafuu, ziitwazo kretek, na kwa miaka mingi viwanda vyake vilikuwa mnunuzi mkubwa wa karafuu za Unguja na Pemba. Ganzi ile ile anayoitafuta mwenye jino bovu ndiyo inayolituliza koo la mvutaji. Mentoli nayo hufanya kazi inayofanana na hiyo. Ndiyo inayotoa ubaridi katika dawa nyingi za kuchua kifua, lakini haipunguzi joto la kitu chochote: huamsha tu vipokezi vya neva ambavyo kazi yake ni kuhisi baridi, na ubongo ukaamini. Moshi wa moto hupita, na koo hudhani ni hewa ya alfajiri.

Ladha za matunda na pipi hupitia njia nyingine, ile ya harufu, kumbukumbu na matarajio. Kijana hahitaji kushawishiwa kwamba tikiti maji ni zuri. Analijua tangu utotoni. Na ladha ikishaambatana na nikotini kwa majuma kadhaa, harufu yenyewe huwa ishara inayoamsha hamu. Ubongo wa kijana, ambao huendelea kukua hadi karibu na umri wa miaka 25, hujifunza uhusiano wa namna hii kwa wepesi wa kutisha. Nikotini hushika vipokezi vyake ubongoni, dopamini hutolewa, na tendo lililotangulia, yaani kuvuta, huandikwa kama jambo la kurudiwa.

Mwaka 2015 iliongezeka njia nyingine ya kuondoa ukali. Kifaa kiitwacho JUUL kiliingia sokoni Marekani kikitumia chumvi ya nikotini. Nikotini ya kawaida ina hali ya alkali, nayo ndiyo huwasha koo. Ikichanganywa na asidi ya benzoiki hugeuka chumvi, na mvuke wake huwa laini. Kwa hiyo kifaa kiliweza kubeba takriban miligramu 59 za nikotini kwa kila mililita, wakati Umoja wa Ulaya ulikuwa umeweka kikomo cha miligramu 20. Bila ulaini huo wa chumvi na ladha ya embe au krimu juu yake, ni wachache mno ambao wangestahimili kiasi hicho kwa mara ya kwanza.

Wagonjwa huuliza swali la haki: "Kama kionjo hiki kimo katika biskuti na hakinidhuru, kwa nini kinidhuru katika mvuke?" Jibu ni kwamba kionjo cha chakula kimepimwa kwa kumezwa. Hupita tumboni, kisha katika ini. Mapafu hayana ini la kuyatangulia. Mwaka 2000, katika jimbo la Missouri, madaktari waligundua ugonjwa mbaya wa kuziba kwa vijia vidogo vya hewa miongoni mwa wafanyakazi wa kiwanda cha bisi, na chanzo kilichotajwa ni mvuke wa vionjo vya siagi, hasa diasetili. Watu wasiohesabika walikuwa wamekula bisi za namna hiyo bila shida. Walioumwa ni wale walioivuta harufu yake siku kwa siku. Hatusemi kwamba kila avutaye mvuke wenye ladha atapatwa na ugonjwa huo. Tunasema kwamba neno "salama" lililoandikwa kwa ajili ya tumbo halihamishiki hadi kwenye pafu.

Na kwa kuwa jambo hili huchanganywa mara nyingi, hata na wahudumu, tulitenge hapa. Mlipuko wa maradhi ya mapafu wa mwaka 2019 nchini Marekani, uliolaza hospitalini watu zaidi ya 2,800 na kuua 68 kufikia Februari 2020, ulihusishwa zaidi na mafuta ya vitamini E yaliyochanganywa katika majimaji ya bangi. Haukuwa mlipuko wa ladha ya embe. Anayeutumia kama hoja dhidi ya vionjo anajenga nyumba juu ya mchanga, na kijana mwenye simu atamgundua kabla ya jioni.

Karafuu iliyokatazwa na mentoli iliyoachwa

Tarehe 22 Juni 2009 ilitiwa saini sheria iliyoipa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, ijulikanayo kama FDA, uwezo wa kudhibiti tumbaku. Mwezi Septemba mwaka huo sigara zote zenye ladha bainifu zilipigwa marufuku: za matunda, za vanila, za karafuu. Zote, isipokuwa mentoli.

Tofauti hiyo haikutokana na sayansi. Sigara za karafuu ziliagizwa hasa kutoka Indonesia, na mentoli ilitengenezwa nyumbani na kuuzwa kwa wingi. Indonesia ilipeleka malalamiko mbele ya Shirika la Biashara Duniani, na mwezi Aprili 2012 chombo cha rufaa cha shirika hilo kiliamua kwamba Marekani ilikuwa imebagua, kwa kuwa bidhaa mbili zinazofanana na zinazowavuta vijana kwa namna moja zilitendewa tofauti. Kwa mtazamo wa mwandishi wa somo hili, hukumu hiyo ya wanasheria wa biashara inaeleza famakolojia ya ladha vizuri kuliko vitabu vingi vya kitabibu. Wakati kesi ikiendelea, watengenezaji walikwisha kuifunga karafuu katika tumbaku badala ya karatasi na kuiuza kama sigara nene, aina ambayo sheria haikuigusa.

Walioumizwa zaidi na mentoli kuachwa ni Wamarekani Weusi, ambao miongoni mwa wavutaji wake takriban asilimia 85 hutumia sigara za mentoli. Ni matokeo ya miongo mingi ya matangazo yaliyoelekezwa katika mitaa yao. FDA ilipendekeza kuipiga marufuku mwezi Aprili 2022. Pendekezo hilo liliondolewa Januari 2025.

Mwanya baada ya mwanya

Sheria ya 2009 ilihusu sigara za kawaida. Sigara za kielektroniki, ambazo vijana huziita vepu, ziliingia chini ya mamlaka ya FDA mwaka 2016 tu, na kufikia wakati huo ladha zake zilikuwa hazihesabiki. Takwimu zifuatazo ni za wanafunzi wa shule za sekondari za juu waliosema kwamba wamezitumia angalau siku moja katika siku 30 zilizotangulia. Mwaka 2011 walikuwa asilimia 1.5. Mwaka 2017 walikuwa 11.7, na mwaka uliofuata 20.8. Desemba 2018 Mganga Mkuu wa Serikali, Jerome Adams, alitoa tahadhari rasmi akiliita jambo hilo janga miongoni mwa vijana. Hata hivyo, mwaka 2019 idadi ilifika asilimia 27.5, yaani zaidi ya mwanafunzi mmoja katika kila wanne.

Mwanzoni mwa 2020 FDA ilitangaza kwamba itawachukulia hatua wauzaji wa vifaa vya katriji vyenye ladha, isipokuwa ladha ya tumbaku na mentoli. Soma tena sentensi hiyo kama angeisoma mfanyabiashara. Imetaja katriji, haikutaja vifaa vya kutumia na kutupa. Miongoni mwa wanafunzi wa sekondari ya juu wanaotumia vepu, waliokuwa wakitumia vifaa vya kutupa walikuwa asilimia 2.4 mwaka 2019, nao wakawa 26.5 mwaka 2020. Ladha ile ile ilikuwa imehamia katika umbo jingine.

FDA ilipoanza kuvibana vifaa vya kutupa, baadhi ya watengenezaji walitangaza kwamba nikotini yao haikutoka katika jani la tumbaku bali ilitengenezwa maabara, na kwa hiyo si "bidhaa ya tumbaku" kisheria. Ilibidi Bunge la Marekani lirekebishe sheria Machi 2022 ili nikotini ya asili yoyote iingie chini ya udhibiti. Jimbo la California nalo liliona hila ya namna yake. Wapiga kura wake waliidhinisha mwaka 2022 kukataza uuzaji wa karibu bidhaa zote za tumbaku zenye ladha, ikiwamo mentoli. Punde si punde zikatokea sigara zisizo na harufu ya mentoli lakini zenye kemikali nyingine inayoamsha hisia ile ile ya ubaridi. Jimbo lilirudi kwenye meza ya sheria, na tangu Januari 2025 hisia ya ubaridi nayo imehesabiwa kuwa ladha.

Funzo la mtunga sera linaonekana lenyewe. Sheria inayotaja umbo la kifaa itakwepwa kwa kubadili umbo, inayotaja asili ya nikotini itakwepwa kwa kubadili asili, na inayotaja jina la kemikali itakwepwa kwa kemikali jirani. Iliyokaribia kufaulu ni ile inayotaja kazi: kitu chochote kinachoongezwa ili kufanya nikotini ikubalike kwa ulimi, pua au koo. Massachusetts, jimbo la kwanza kuzuia bidhaa zote zenye ladha, mentoli ikiwamo, lilichukua njia pana tangu mwanzo. Sheria yake ilitiwa saini Novemba 2019 na kutumika kikamilifu kuanzia Juni 2020.

Je, hatua hizi zimesaidia? Kufikia 2024 idadi miongoni mwa wanafunzi wa sekondari za juu ilikuwa imeshuka hadi asilimia 7.8. Mporomoko huo ni mkubwa, lakini tusiutoe wote kwa sheria za ladha. Desemba 2019 umri wa kununua tumbaku ulipandishwa kitaifa kuwa miaka 21, hofu ya maradhi ya mapafu ilikuwa imeenea, kampeni za elimu ziliongezeka, na janga la korona lilivuruga shule na jinsi uchunguzi wenyewe ulivyofanywa. Jambo ambalo halikubadilika ni hili: miongoni mwa vijana walioendelea kutumia vepu mwaka 2024, asilimia 87.6 walitumia zenye ladha.

Hoja ya mvutaji mtu mzima

Wapo wanaopinga udhibiti huu kwa nia njema, na hoja yao inastahili kujibiwa kwa heshima. Mapitio ya tafiti yanayofanywa na mtandao wa Cochrane yanaonyesha kwamba sigara za kielektroniki zenye nikotini huwasaidia watu wazima kuacha sigara za kawaida kuliko vibandiko na bidhaa nyingine za nikotini za kitabibu. Moshi wa sigara una maelfu ya kemikali, na mvutaji wa miaka 30 ambaye hakika amehamia kwenye mvuke amepunguza mzigo wa sumu mwilini mwake. Wengi wa watu hao husema ladha isiyo ya tumbaku iliwasaidia kuisahau tumbaku. Aidha, utafiti uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la JAMA Pediatrics ulionyesha kwamba baada ya jiji la San Francisco kukataza ladha, uvutaji wa sigara za kawaida uliongezeka miongoni mwa wanafunzi wake kulinganisha na maeneo mengine. Wakosoaji walijibu kwamba takwimu za jiji hilo zilikusanywa kabla ya ukaguzi wa maduka kuanza. Mjadala haujafungwa, lakini onyo lake ni la kweli: ukizuia mvuke wenye ladha na kuiacha sigara ikiuzwa moja moja kwenye kila kibanda, huenda ukamrudisha mtu kwenye kitu kibaya zaidi.

Rai yangu ni kwamba hoja ya mtu mzima ni hoja ya matibabu, na matibabu yana njia zake. FDA hudai mtengenezaji athibitishe kwamba faida ya bidhaa yenye ladha kwa wavutaji wazima inazidi hatari yake kwa vijana. Mahakama Kuu ya Marekani, katika uamuzi wa pamoja wa Aprili 2025, ilikubali jinsi mamlaka hiyo ilivyoyakataa maombi ya kampuni zilizoleta vionjo vya matunda na vitamutamu. Kuthibitisha faida ya dawa kabla ya kuiuza si uonevu. Ndivyo tunavyodai kwa paracetamol.

Hapa kwetu

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya mbali. Tumbaku ya shisha kwa Kiarabu huitwa muassel, jina litokanalo na neno lile lile lililotupa "asali," na kijana anayeagiza shisha ya tofaa kwenye baraza la hoteli anatumia tumbaku yenye ladha, iwe anaiita hivyo au la. Maji hayaondoi hewa ya kaboni monoksidi itokayo kwenye mkaa. Tanzania ilichukua hatua dhidi ya shisha mwaka 2016, na Kenya na Rwanda zikafuata Desemba 2017. Uganda ilikwenda mbali zaidi: sheria yake ya 2015 ilikataza kwa pamoja shisha, sigara za kielektroniki na tumbaku yenye ladha, na kuweka umri wa kununua tumbaku kuwa miaka 21. Miongozo ya 2010 ya Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, mkataba ambao nchi hizi ni wanachama wake, inahimiza kudhibiti viambato vinavyoongeza utamu wa tumbaku. Vifuko vidogo vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, vyenye ladha ya mnanaa au matunda, ndivyo vinavyofuata, na havitoi moshi wala mvuke.

Katika chumba cha mhudumu

Mwulize kijana akiwa peke yake, bila mzazi, na ubadilishe swali: "Je, kuna kitu chochote unachovuta, iwe moshi au mvuke, au unachoweka mdomoni, chenye ladha au kisicho na ladha?" Akikubali, mwombe akionyeshe, kama anacho. Soma kiwango cha nikotini. Asilimia 5 ni takriban miligramu 50 kwa mililita. Mwulize anakitumia muda gani baada ya kuamka. Anayekitafuta kabla hajashuka kitandani tayari ana uraibu, hata kama anaamini kwamba anaonja embe tu.

Mweleze mapema kwamba akiacha atapata hasira, wasiwasi, usingizi wa mang'amung'amu na ugumu wa kusoma, kwamba hali hiyo huwa kali zaidi katika siku chache za mwanzo, na kwamba hupungua ndani ya majuma mawili hadi manne. Kijana asiyeambiwa hayo huyachukua kama uthibitisho kwamba hawezi kuishi bila kifaa. Msaada unafaa: katika jaribio lililochapishwa mwaka 2024 kwa vijana wa Marekani wenye umri wa miaka 13 hadi 17, waliotumiwa ujumbe mfupi wa kuwatia moyo na kuwaelekeza walifikia asilimia 37.8 ya kuacha baada ya miezi saba, ikilinganishwa na 28 kwa wengine. Dawa kwa aliye chini ya miaka 18 ni uamuzi wa daktari, si wa duka la dawa.

Kwa mzazi na mgonjwa kuna neno moja zaidi. Majimaji ya nikotini yanayonukia kama pipi humvuta pia mtoto wa miaka miwili, na kiasi kidogo kinatosha kumdhuru. Yafungiwe mbali na watoto. Mtoto akiyameza, dalili za mwanzo ni kutapika, kutokwa na mate na jasho, na moyo kwenda mbio. Baadaye huweza kupata degedege na kushindwa kupumua. Usimtapishe. Yakimwagikia ngozi, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi. Mpeleke hospitali mara moja, na uichukue ile chupa uende nayo.